Michembe ya Kwenye Viroba

Uvumilivu uliniisha saa nne asubuhi, nimesimama mlangoni mwa stoo ya plenti na mtoto mgongoni, pale mtunza stoo aliponipa pole kisha akaniwekea mikononi viroba vitatu vitupu.

"Chukua, Mama Minza," alisema. "Najua mmepita pagumu. Viazi ndiyo hivyo vimeanza kuchimbwa. Hivi havijachakaa hata kidogo, utaanikia michembe."

Nilivitazama. Kila kimoja kilikuwa kimekatwa tundu la mraba tumboni, sawasawa kama dirisha, pale palipokuwa na maandishi na picha ya fuvu. Kwenye mishono ya ndani ilikuwa imeganda ile chumvi nyeupe. Ni viroba hivyo hivyo vilivyomtia mwanangu sumu, na yule bwana alijua. Ile ilikuwa mara yangu ya nne kwenda kwake. Barua ya daktari niliyokuwa nayo kwenye pochi aliwahi kuisoma kwa sauti, neno kwa neno, akatikisa kichwa, akasema ataifikisha kwa bosi. Leo ananipa pole ya viroba.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wanawake waliokuja kuchukua vyao. Mmoja akasema, "Kama huvitaki si utupishe, jua linapanda."

Nikamrushia yule bwana usoni, vyote vitatu. Vumbi likamkaa kwenye nyusi. Papo hapo nikajuta, si kwa ajili yake, ila kwa sababu vumbi lile ndilo nililolikimbia mwaka mzima na Minza alikuwa mgongoni mwangu. Nikamfunika kichwa kwa khanga nikaondoka mbio, nalia kwa hasira, huku nyuma wanawake wanacheka. "Kapandisha mashetani! Mama Minza leo kapandisha!"

Naandika haya kwa ajili ya wanawake wale walionicheka, na wengine wa Kharumwa, wa Geita, wa popote penye plenti. Mimi si daktari. Nimeishia kidato cha nne, na kemia nilifeli. Nitasema tulivyopita, ili wewe ukipita usikae kwenye benchi lisilo lako miezi yote ile kama mimi.

Nimezaliwa Shinyanga vijijini, kwenye miamba. Nyuma ya nyumba ya mama kuna mwamba mkubwa, mweupe, umelala kama ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa, na hapo ndipo wanawake wa ukoo wetu wanapoanika. Viazi vikimenywa na kukatwa vipande vyembamba vinamwagwa juu ya mwamba, jua linapiga juu, jiwe linachoma chini, siku tatu michembe imekauka na ukiigonganisha inalia. Mwamba hauna mchanga. Mbuzi anaonekana toka mbali. Mpaka leo nikifumba macho nasikia miguu yangu ya utotoni ikiruka juu ya lile jiwe la moto, na mama akipiga kelele, "Utanikanyagia chakula, wewe!"

Nilipoolewa huku Kharumwa sikukuta mwamba. Nilikuta ardhi nyekundu, vumbi, kuku wa watu. Mwaka wa kwanza nilianika kwenye matandiko ya magugu, tukala michembe yenye mchanga mpaka mama mkwe akasema meno yake yamekwisha kwa ajili yangu. Kwa hiyo mume wangu, Baba Minza, alipopata kazi plenti na kuja na viroba sita begani, vyeupe, vigumu, vipana, nilicheka kwa furaha. Nikaona nimeletewa mwamba wangu.

Kwa asiyejua, plenti ni mahali wanapoloweka marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa na wachimbaji, ili kuvuta dhahabu iliyobaki. Wanauloweka kwenye matangi kwa sayanaidi. Sayanaidi kila mtu anaiogopa, inafungiwa kwa kufuli mbili. Lakini kuna hii nyingine ambayo wenyewe wanaiita ledi. Jina lake lote ni ledi naitreti. Ni risasi, ile ya madini, iliyogeuzwa chumvi. Nyeupe, punje punje kama sukari, ukiitia kwenye maji inayeyuka huioni tena. Wanaitia kidogo tangini ili sayanaidi ifanye kazi upesi. Hainuki. Haikuunguzi mkono ukiishika kidogo. Na ina utamu.

Huo utamu ndio uliotumaliza. Mchembe nao ni mtamu. Kitamu kikiingia kwenye kitamu, nani atajua? Hatukuvifua vile viroba, kisima kiko mbali. Tulivikung'uta tu, tukashona kiraka cha khanga kwenye tundu, tukaanika. Vipande vya viazi ni vibichi, vina maji yake. Alfajiri umande unashuka juu yake. Ile chumvi ikayeyuka ikapanda. Mwaka ule kila aliyeonja alisifia. "Michembe yako kama imetiwa sukari, Mama Minza!" Nami nikajibu kwa maringo kwamba ni mbegu ya kwetu Shinyanga. Nikawagawia majirani, nikawajazia ungo mpaka unamwagika.

Kiroba kilichochanika tuliwashia moto. Kinawaka kwa kufoka, kinarusha cheche na moshi wa kahawia. Tulikisifia pia: kipande kimoja, mkaa umeshika.

Habari ya lile tundu nilikuja kuijua baadaye. Viroba vile havitakiwi kutoka nje ya plenti, vinatakiwa viteketezwe. Mtunza stoo anakata kile kipande chenye maandishi, anakibandika kwenye daftari la wakaguzi kuonyesha kwamba kiroba kimeteketezwa, kisha kiroba chenyewe anawapa wake wa wafanyakazi. Anaona anatusaidia. Naamini kweli anaona hivyo, na hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kushika.

Minza alikuwa anakaribia miaka minne. Nataka mjue alivyokuwa, kwa sababu waliomjua baadaye hawawezi kuamini. Alikuwa anasema kutwa. Akiamka anaanza kusema kabla hajafungua macho. Alikuwa anasema na mbuzi, na sufuria, na redio, akiijibu redio pale mtangazaji anapouliza wasikilizaji maswali. Nilikuwa namwambia, "Minza, nyamaza kidogo mama apumzike." Niliyasema maneno hayo kwa mdomo wangu mwenyewe, mara nyingi tu.

Pamba ilipokwisha kuuzwa na watu wakaanza kutazama mawingu, akaanza kushika tumbo. Halafu choo kikafunga, siku tano, siku sita. Akawa na hasira, anapiga, anauma. Nikasema ni utoto. Mimi mwenyewe mdomo ulikuwa na ladha ya chuma na tumbo linaninyonga, lakini nilikuwa na mimba ya miezi miwili, nikasema ni mimba.

Zahanati ya kwanza wakasema minyoo. Ya pili wakasema malaria. Ya tatu wakasema taifodi, na ya nne ikarudia minyoo. Mabenchi yote yale nayajua. Kuna moja lenye msumari uliochomoza upande wa kulia, kila mama mgeni anachana gauni, wenyeji wananyamaza. Kuna ukuta wenye picha ya mtoto mnene ameshika ndizi, niliutazama mpaka nikamchukia yule mtoto. Unakaa na kadi mkononi, unasikia majina ya watu, na kila anayeitwa unaona kama amekuibia. Ukifika ndani, dakika tatu. "Anakula? Anaharisha? Mpe hizi."

Mvua zilipoanza mimba ilitoka. Sitasema mengi. Nilimuuliza daktari baadaye kama ni ile sumu, akasema hawezi kujua kwa uhakika. Nilimheshimu kwa jibu hilo, maana wengine wote walikuwa na uhakika.

Na wakati tunashughulika na hilo, maneno ya Minza yakaanza kupungua. Hayakukatika siku moja. Yalikwenda kama watu wanavyoondoka msibani, mmoja mmoja bila kuaga. Kwanza aliacha kujibu redio. Kisha mbuzi akakosa mtu wa kumsimulia. Wiki fulani nikagundua kwamba ametaja maji kwa kunyoosha kidole. Nikamwambia, "Sema maji." Akanitazama. "Sema, mama. Sema maji upewe." Akalia. Nikampa, nikaenda nyuma ya nyumba.

Mama mkwe wangu, tunamwita Mayu kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao, alisema mtoto ameendewa, amerogwa. "Huyu si wa hospitali. Mtoto aliyekuwa anasema namna hii watu walimwonea kijicho."

"Mayu, nani amwonee kijicho mtoto kwa kelele?"

"Wewe umesoma, hujui mambo."

Wakaenda na Baba Minza kwa mganga, mimi nikakataa, tukalala nyumba moja bila kusemezana siku tatu. Mganga alitoa dawa ya kuoga. Hata hivyo simdharau. Zahanati nne nazo zilitoa dawa za kitu kisichokuwepo.

Degedege ilimshika mahindi yakiwa magotini. Macho juu, meno yamebana, mwili umekakamaa kama kuni. Baba Minza alimbeba kwenye pikipiki katikati yetu, mvua inapiga, nikaliweka sikio langu mdomoni mwake njia nzima. Hospitali ya mkoa wakatupeleka Mwanza. Na Mwanza, baada ya vipimo vingi, daktari mmoja kijana mwenye sauti ndogo akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kutuuliza toka tuanze.

"Baba anafanya kazi gani?"

Damu ilipelekwa Dar. Tulingoja majibu kwa wiki tatu, mimi nalala chini ya kitanda cha Minza juu ya khanga. Yalipokuja, daktari akasema ni risasi, na iko juu sana. Akanipima na mimi, yangu ikawa juu pia, ingawa si kama yake. Niliwaza kwamba shuleni niliikariri kwenye jedwali la elementi, nikaandika na alama yake kwenye mtihani, na sikupata hata siku moja kufikiri kwamba ni kitu kinachoweza kukaa ndani ya mtoto wangu.

Duru ya kwanza ya dawa ilikuwa siku kumi na tisa. Vidonge vyake ni vya kufungua, unga wake unanuka yai bovu, unaunyunyizia kwenye uji. Minza aliziba mdomo kwa mikono miwili. Nilikuwa namziba pua. Nasema hivi kwa sababu utafanya hivyo hivyo, na utajiona mkatili, na hutakuwa. Wauguzi walitugeuzia vichwa kwa harufu, isipokuwa mmoja mnene, wa makamo, aliyekuwa anakuja na kipande cha ndimu amekificha mfukoni. Anampaka Minza midomoni kwanza, halafu ndiyo uji. Kila siku ndimu. Sijui aliitoa wapi.

Namba ya risasi kwenye damu ikashuka. Tukaambiwa chanzo bila shaka ni vumbi la nguo za baba, aoge kazini, abadili nguo, asimguse mtoto kabla. Tukarudi nyumbani. Huo ulikuwa wakati mbaya kuliko hata degedege. Minza alikuwa hasemi, lakini akisikia pikipiki alikimbia kama zamani, mikono juu, na baba yake alirudi nyuma, anamzuia kwa kiganja cha mkono, "Ngoja, mama, ngoja baba aoge." Yeye haelewi. Anamfuata mpaka mlango wa bafu, anakaa chini. Baba Minza akawa anakawia bafuni. Nilimsikia humo ndani, maji yamekwisha kumwagika zamani, na yeye hatoki.

Na nyakati zote hizo, asubuhi, chai na michembe. Mchana michembe ya karanga. Njaa ya masika ilikuwa imebana na kihenge chetu kilikuwa kimejaa, tukamshukuru Mungu.

Tuliporudi Mwanza kupima, namba ilikuwa imepanda kupita mwanzo.

Daktari hakunipigia kelele. Alinitazama tu kwa namna ambayo nilitamani apige kelele. Nikamwambia baba haingii ndani na nguo za kazi. Nikaapa. Akasema, "Basi kuna kitu kingine, mama. Nisimulie siku yake yote." Nikasimulia, sikupata kitu, naye hakupata kitu, maana nani atataja michembe? Ni kama kutaja maji.

Wakatulaza tena, na aliyeleta jibu ni Mayu. Alitoka Kharumwa peke yake, mama asiyejua kusoma bango, akafika wodini siku ya Alhamisi na kifurushi kichwani. "Wangaluka, mayu," akamsalimia muuguzi wa ndimu, ambaye ni Msukuma wa Magu, na yule akafurahi. Akafungua kifurushi. Ilikuwa michembe. Amechagua ile myeupe, iliyonyooka, ile ninayomwekea mgeni. "Mjukuu wangu anakonda kwa uji wenu wa mayai yaliyooza," akasema. "Nimemletea chakula." Na Minza, aliyekuwa amelala ameelekea ukutani wiki nzima, akageuka akanyoosha mkono.

Kifurushi chenyewe kilikuwa kiroba. Daktari alikuwa anapita. Akasimama. Akakishika mahali palipokuwa na kiraka cha khanga.

"Hapa palikuwa na nini, bibi?"

"Tundu."

"Tundu la nini?"

Mayu akanitazama mimi. Nikasema, "Vinakuja hivyo. Kutoka kazini kwa mume wangu. Wanakata."

"Wanakata nini?"

Wakati nafungua mdomo nimjibu, nilikwisha kuelewa. Minza alikuwa na mchembe mdomoni. Nilimtia kidole, akaniuma, damu ikatoka, nikautoa wote mpaka punje. Mayu akawa anauliza, "Kuna nini? Kuna nini jamani, ng'wana wane, mwanangu?" Hakuna aliyeweza kumwambia kwa Kiswahili. Muuguzi alimweleza kwa Kisukuma, polepole. Mayu akakaa sakafuni, akavuta ushungi ukamfunika uso.

Wakapima michembe ile. Ndiyo ilikuwa yenyewe.

Sasa sikiliza jambo hili kama una mama mkwe. Nilikuwa na kila sababu ya kumrushia maneno, na maneno niliyokuwa nayo yalikuwa makali. Mganga, kijicho, "wewe umesoma". Lakini aliyeanika ni nani? Aliyejisifia mbegu ya Shinyanga ni nani? Tulikaa kwenye benchi la nje ya maabara tangu saa mbili mpaka saa tisa bila kutazamana. Halafu Mayu, uso bado umefunikwa, akasema kwa sauti nyembamba ya kitoto, "Bibi, ng'ombe anavaa viatu namba ngapi?"

Nilishtuka. Ilikuwa sauti ya Minza, ile ya mwaka juzi. Ile ile, mpaka namna ya kuvuta pumzi katikati.

"Unakumbuka?" akasema. "Aliniuliza tunapeleka ng'ombe majini. Nikamwambia havai. Akasema, basi mnunulie, njia ina miba."

Nikacheka, na kicheko kikageuka, akanishika kichwa akakilaza mapajani mwake mbele za watu wote. Toka siku hiyo nikizidiwa namwambia, "Mayu, niigizie." Sina sauti ya mwanangu popote, simu ya baba yake haikuwa na nafasi, tulikuwa tunafuta kila kitu. Sauti yake iko kooni mwa Mayu tu. Nampikia, namwekea mto mgongoni, namwomba Mungu amwache.

Duru ya pili ilikwisha pamba ikifungua. Ya tatu, viazi vikivimba chini. Namba imeshuka na imebaki chini, yangu pia. Tulichoma kihenge? Hapana, daktari alikataza, moshi wake ni sumu vilevile. Michembe na viroba vikatiwa kwenye pipa na kufungwa, lipo nyuma ya nyumba hadi leo, sijapata wa kulichukua. Minza anatembea vizuri, anakula, choo kinatoka. Maneno yanarudi kwa uvivu, mengine kwa mwezi mara moja. Daktari amesema huenda mengi yakarudi na huenda yasirudi. Naitamani ile kelele. Nikipita nyumba yenye mtoto anayesumbua, mama yake anamfokea anyamaze, nasimama barabarani kama mlevi nikisikiliza.

Niliporudi niliwaambia majirani. Wakasema, "Mbona wangu mzima?" Wangu pia alikuwa mzima. Nikaenda plenti mara tatu. Na mara ya nne ndiyo hiyo niliyoanza nayo.

Siku ile ya kurusha viroba, Baba Minza alirudi mchana, ameshaambiwa. Akasimama uani.

"Umenidhalilisha."

"Ndiyo."

"Wamesema nikuonye. Ukiendelea, kazi sina. Nani atanichukua hapa? Plenti zote ni ndugu."

"Foleni umeiona leo?" nikamuuliza. "Ile ya asubuhi. Umewaona walivyoshika viroba?"

Akageuka. Minza alikuwa anachora chini kwa kijiti. Baba yake akamtazama muda mrefu.

"Mimi ndiye ninayevipanga," akasema. "Kila kiangazi. Ananiita, ananiambia fulani mpe viwili, fulani mpe vitatu. Nyumba zote nazijua."

"Basi nitajie."

Nilidhani ataondoka. Akakaa kwenye kigoda. Nikaleta daftari la zamani la shule na kalamu. Akaanza kutaja nyumba, moja baada ya nyingine, kuanzia zile za jirani na plenti, anafumba macho kama mtu anayetembea njiani, na mimi naandika. Aliponyamaza nikaongeza chini yake zile nyumba ambazo hazikupata viroba ila zilipata michembe yangu.

Kesho yake nilivaa gauni la kanisani nikaenda ofisi za halmashauri. Kijana wa mapokezi akaniambia nieleze kwa mdomo atafikisha. Nikamwambia za kufikishwa kwa mdomo nimezichoka. Akanipa karatasi. "Basi andika kwa kifupi, mama." Niliandikia pale pale juu ya kaunta, watu wananisukuma. Akagonga muhuri nakala mbili, moja ninayo. Majina ya watu na ya plenti nimeyaondoa hapa. Kwenye barua yenyewe yapo.

Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
K.k. Afisa Mazingira.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIROBA VYA LEDI NAITRETI KUGAWIWA KWA WANANCHI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Kharumwa, mke wa mfanyakazi wa plenti iliyotajwa. Nalalamika kwamba plenti hiyo inakata maandishi ya hatari kwenye viroba vya ledi naitreti, inaonyesha kwa wakaguzi kwamba viroba vimeteketezwa, kisha inavigawa kwa akina mama wakaanikie chakula. Nimeona kwa macho yangu, jana saa nne asubuhi, na foleni ilikuwepo.

Mtoto wangu Minza ametibiwa Mwanza duru tatu kwa sumu ya risasi. Barua ya daktari na majibu ya michembe iliyopimwa nimeambatanisha.

Pia nimeambatanisha orodha ya nyumba zilizopewa viroba. Chini ya mstari ni nyumba nilizozigawia michembe hiyo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla sijajua. Watoto wa nyumba hizo hawajapimwa. Kama kuna kosa langu hapo, niandikeni. Lakini kwanza wapimwe.

Naomba viroba vikusanywe kabla viazi havijaisha kuchimbwa. Naomba pipa lililo nyuma ya nyumba yangu lichukuliwe na watu wanaojua. Naomba mume wangu asifukuzwe kwa sababu ya barua hii. Ikiwa atafukuzwa, mtajua sababu ni hii.

Kijana wa mapokezi ameniambia nieleze hasara. Mtoto wangu alikuwa anasema kutwa nzima. Sasa ana maneno ishirini na saba. Nimeyaandika yote nyuma ya karatasi hii ili mkija nyumbani myahesabu wenyewe. La ishirini na saba limekuja juzi, nalo ni "mbona". Analisema akinitazama usoni, halafu ananyamaza, anangoja. Sijajua anauliza nini. Naomba mje mapema.

Mlalamikaji,
Mama Minza